Makala Pacha katika Kamusi Elezo

Mtu mmoja aandikapo kitabu hana hofu ya kuiandika sura moja mara mbili. Akili iliyotunga sura ya kwanza ndiyo itungayo ya kumi, na aliyokwisha kuyasema huyakumbuka. Lakini watu elfu waandikapo kitabu kimoja, kila mmoja chumbani mwake, bila kuonana wala kujuana, hofu hiyo huwa ya kila siku. Huyu huandika leo jambo ambalo yule aliliandika mwaka juzi kwa jina jingine. Hapana aliyeiba kazi ya mwenziwe, wala hapana aliyefanya uvivu. Pengine wote wawili wamejitahidi sana. Hata hivyo kitabu kimepata makala pacha, na pacha hao, kinyume cha wale wa tumbo moja, hawafanani sura, hawajuani, na kila mmoja humzuia mwenziwe kukua.

Kitabu nikitajacho hapa si cha karatasi. Ni kamusi elezo iitwayo Wikipedia, pamoja na tovuti nyingine zilizofuata mwendo wake. Wikipedia ilianzishwa Januari 2001, na mwaka 2003 Kiswahili kikapata tawi lake. Neno wiki lenyewe limetoka katika lugha ya watu wa Hawaii, na maana yake ni haraka; Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyelitia katika mambo haya mwaka 1995, alipotengeneza tovuti ambayo msomaji yeyote aliweza kuihariri papo hapo. Haraka hiyo ndiyo heri ya kazi hii, na ndiyo shari yake. Mwandishi mpya haombi ruhusa kwa mhariri wala hangoji jibu la posta. Hufungua ukurasa, huandika, na kabla chai yake haijapoa maneno yake yamekwisha kusomwa Bujumbura na Muskati.

Nitaanza na kisa, maana ndicho kilichonitia katika fikra hizi. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, binti wa pwani ya Kenya, alitia nia ya kuandika makala juu ya mti ambao kwao huitwa mkilifi. Hakuipeleka Wikipedia; aliipeleka katika tovuti moja ndogo ya mimea na dawa za kienyeji, inayoandikwa na watu wote kwa namna ile ile. Kazi ilimchukua majuma matatu. Alimhoji nyanya yake, aliandika jinsi majani yanavyochemshwa na jinsi yanavyofukizwa jioni ili mbu waondoke, alieleza ni wakati gani wa mwaka matunda huanguka na nani huyaokota. Akaitia makala yake tovutini siku ya Ijumaa. Jumatatu alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu. Wameufuta.”

“Marahaba. Wamefuta nini?”

“Mti wangu.”

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki. Makala juu ya mti huo ilikuwamo tangu zamani kwa jina la mwarobaini. Ni mti mmoja, asili yake Bara Hindi, ambao wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica. Wengi wa Tanzania huuita mwarobaini kwa kuwa husemwa hutibu maradhi arobaini, na wengine huandika mwarubaini au muarubaini. Pwani ya Kenya utasikia mkilifi. Aliyeifuta makala ya binti alimwachia maneno mawili tu, kwamba ipo tayari. Hakumwambia ipo wapi.

Niliiomba nakala aliyokuwa ameiweka akiba, nikailinganisha na ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa na mistari michache: jina la kitaalamu, jamaa ya mti, na sentensi moja juu ya dawa ambayo ingeweza kusemwa juu ya mti wowote duniani. Yale yote ya nyanya hayakuwamo. Kwa hiyo pacha aliyefutwa ndiye aliyekuwa na nyama, na aliyebaki alikuwa mifupa. Mwanafunzi wangu hakuandika tena kwa muda wa mwaka mzima.

Sasa, mwandishi mpya wa tovuti za namna hii hupewa wasia mmoja, nao ni: tafuta kwanza. Ni wasia wa kweli, lakini ni sawa na kumwambia mgeni wa mji aulize njia, bila kumwambia jina la mtaa. Yule binti alitafuta. Aliandika mkilifi katika kisanduku cha kutafutia, na mashine ikamjibu kwa ukweli wote kwamba hapana ukurasa wenye jina hilo. Tena ikamkaribisha auanzishe. Mashine haikusema uongo. Iliulizwa habari ya neno, ikajibu habari ya neno. Yeye alikusudia kuuliza habari ya mti.

Hapa ndipo nitofautianapo na wale wanaoihesabu makala pacha kuwa ni kosa la mgeni. Mashine ya kutafutia haitazami majina ya kurasa peke yake. Hupekua na maneno yaliyomo ndani. Kama makala ya mwarobaini ingekuwa imelitaja jina la mkilifi hata mara moja, katika mstari wowote, binti angeiona. Kosa la kwanza, basi, lilikuwa la makala ya zamani, ambayo iliandikwa kana kwamba mti una jina moja kwa Waswahili wote. Makala pacha izaliwapo, aghalabu ni ushahidi kwamba makala ya kwanza ilikuwa na upungufu: haikujua kuitwa kwa jina lake la pili.

Lugha yetu ina majina ya pili kwa wingi. Nchi moja ni Ugiriki na ni Uyunani. Nyingine ni Ethiopia na ni Uhabeshi. Nyingine ni Iran na ni Uajemi. Mashine moja hiyo hiyo iliyo mezani ni kompyuta, ni tarakilishi, na wako wanaoiita ngamizi. Simu ya mkononi ni rununu kwa wengine. Tunda liitwalo nyanya upande mmoja ni tungule upande wa pili, na mwanafunzi wangu, kama mlivyoona, ana nyanya ambaye si tunda. Vita vilivyopiganwa kusini ya Tanganyika mwaka 1905 hadi 1907 huandikwa Vita vya Majimaji, Vita ya Maji Maji, na Uasi wa Majimaji, na tofauti hizo haziko katika jina peke yake: mmoja huandika vita vya na mwingine vita ya, kwa kuwa wawili hao hawakufundishwa upatanisho mmoja. Vile vita vya 1914 hadi 1918 nimepata kuviona kwa vichwa vinne mbalimbali, na vyote vinne ni Kiswahili kisicho na lawama.

Liko jambo jingine ambalo maelekezo yaliyotungwa kwa Kiingereza hayawezi kulijua. Katika Kiingereza dalili ya wingi hukaa nyuma ya neno. Mtu aanzapo kuandika, herufi za kwanza humfikisha karibu na alipokusudia, awe ametaka umoja au wingi. Katika Kiswahili dalili ya wingi hukaa mlangoni. Mwandishi yuko katika herufi M na waandishi wako katika W. Kisiwa kiko huku na visiwa viko kule mbali. Jino na meno hazina hata herufi moja ya mwanzo ya kuzikutanisha. Mtu aliyeandika Visiwa vya Lamu hatakutana njiani na aliyeandika Funguvisiwa la Lamu, wala na aliyeandika Kisiwa cha Lamu, ingawa huyu wa tatu kwa hakika amesema habari nyingine. Watungaji wa kamusi walilijua tatizo hili zamani. Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliyakusanya maneno mengi chini ya kitenzi kilichoyazaa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 humpa nomino mlango wake mwenyewe. Kila njia ina wasomaji iwatesao. Lakini zote mbili zilikuwa na dawa moja ndogo, yaani kumpeleka msomaji penginepo kwa neno tazama. Dawa hiyo ndiyo iitwayo kielekezi katika kamusi elezo ya leo: ukurasa mtupu, usio na habari, ambao kazi yake ni kumshika mkono aliyekuja kwa jina la pili na kumpeleka penye jina la kwanza.

Juu ya majina ya watu mfano bora niujuao ni kitabu ambacho kila msomaji wa jarida kama hili amekishika. Habari za maisha ya mfanyabiashara mashuhuri wa Unguja na Kongo, zilizotolewa na Whiteley katika mwaka 1958 na 1959 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ziliitwa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Litazameni neno yaani. Mtu aliyejua jina la nasaba peke yake atakipata kitabu, na aliyelijua lile la porini peke yake atakipata. Mlango mmoja una vibao viwili. Laiti kila aandikaye makala juu ya mtu angetia yaani yake katika mstari wa kwanza! Sayyid Said ni Seyyid Said na ni Said bin Sultan. Muyaka bin Haji ni Muyaka bin Mwinyi Haji. Liongo ni Liyongo na ni Fumo Liongo. Shaaban Robert huandikwa kwa alfa moja na kwa alfa mbili. Na jina Muhammad, ambalo nusu ya waandishi wetu wa kale walikuwa nalo, sina karatasi ya kutosha kuorodhesha namna liandikwavyo.

Hata tungo zina majina mawili. Utenzi wa kale wa Mwengo, ambao mswada wake mashuhuri una tarehe ya mwaka 1728, wengine huuita Utendi wa Tambuka na wengine Chuo cha Herekali. Mwanafunzi anayeanza kusoma fasihi ya kale huweza kudhani kwamba ni tungo mbili. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa muhula mzima, na sikuona haya kukiri hapa.

Kinyume chake kiko pia, nacho kimesahauliwa na wale wenye pupa ya kuunganisha. Vitu viwili huweza kuwa na jina moja, na mtu akiviona katika ukurasa mmoja atadhani ni pacha. Mvita ni jina la kale la Mombasa, na leo ni jina la jimbo la uchaguzi ndani ya Mombasa. Kilwa iko Kisiwani, iko Kivinje, iko Masoko, na iko nyingine Katanga, kando ya Ziwa Mweru. Pemba ni kisiwa, na tangu 1975 ni mji wa Msumbiji ulioitwa kabla yake Porto Amélia. Uswahili, Waswahili, na Kiswahili yamezaliwa na shina moja, lakini kila moja lastahili makala yake. Na anayeyatia katika chungu kimoja kwa sababu yanafanana mlio, huyo hakupunguza makala pacha, bali ameua makala mbili zilizo hai.

Msomaji wa fasihi atauliza: ni hasara gani hasa, ikiwa jambo moja limeandikwa mara mbili? Sisi katika fasihi hatuoni hasara. Kisa cha Liongo kilitolewa na Steere mwaka 1870 katika hadithi zake za Unguja, na Muhammad Kijumwa akakitunga kwa utenzi mwaka 1913, na hapana mtu timamu atakayesema kwamba mmoja wao apaswa kufutwa. Hadithi hupendeza kwa kurudiwa na kinywa kingine. Kila msimulizi huongeza na hupunguza, na sisi wanafunzi wa fasihi huishi kwa tofauti hizo. Nakubali, na nasema kwamba desturi hii njema ya kusimulia ndiyo mojawapo ya sababu za mwandishi wetu mpya kutoona aibu yoyote ya kuandika jambo lililokwisha kuandikwa. Kwao mtu haambiwi nyamaza, kisa hiki amekwisha kukisema fulani. Huambiwa, haya, nawe tusimulie.

Lakini kamusi elezo si baraza ya jioni. Msomaji huijia akiwa na swali, na hudhani kwamba ukurasa alioufikia ndio jibu lote. Kukiwa na kurasa mbili juu ya mshairi mmoja, na mwaka wa kifo chake ukasahihishwa katika ule wa kwanza, ule wa pili utaendelea kusema uongo kwa miaka, maana aliyesahihisha hakujua kwamba upo. Waandishi wawili ambao kwa pamoja wangeandika makala moja yenye kushiba wataacha kila mmoja mbegu yake, kama ziitwavyo makala fupi katika Wikipedia ya Kiswahili, na mbegu mbili zilizopandwa shimo mbalimbali zikigawana maji ya ndoo moja hazitoi mti. Na lugha yenye waandishi wa hiari wachache haina ndoo ya pili. Katika Kiingereza makala pacha ni taka inayofagiwa kabla ya adhuhuri. Kwetu ni majuma matatu ya binti mmoja.

Watu wa zamani waliotunga kamusi elezo kwa mikono mingi walikuwa na mtu wa katikati. Diderot, ambaye juzuu ya kwanza ya kamusi elezo yake kubwa ilitoka Ufaransa mwaka 1751, alikuwa na waandishi zaidi ya mia, naye aliunganisha makala zao kwa maelekezo ya tazama hapa, tazama kule, yaliyokuwa kama mishipa mwilini. Murray wa Uingereza, aliyeshika uhariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1879, aliletewa vikaratasi na wasomaji wa hiari kutoka kila upande, akagundua jambo la kuchekesha: neno moja la nadra, ambalo hakuna alitumiaye, lilikuwa na vikaratasi vipatavyo hamsini, na nduguye wa kila siku hakufikisha vitano. Wasaidizi wake walikuwa wamevutwa wote na kile kilichong’aa. Jambo hili nimeliona pia kwa wanafunzi wangu. Wape ruhusa ya kuchagua, na kumi kati ya ishirini wataandika juu ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Kusudi lilikuwa jema, na mashindano mengine yamefuata. Lakini mwalimu yeyote aongozaye kazi ya namna hiyo hana budi kugawa mada kabla ya kugawa kalamu, maana wanafunzi ishirini wanaoanza saa moja hawawezi kutafutana katika kitabu ambacho bado hakijaandikwa.

Sasa nitasema yale niwafundishayo wanafunzi wangu siku hizi, wala sidai kwamba ni hekima mpya. Kabla ya kugusa mashine, nawaambia wachukue karatasi wakaandike majina yote ya kitu wanachokikusudia: la kwao, la jirani, la kitabuni, la umoja na la wingi, la tahajia ya zamani na ya sasa. Asiyejua jina la pili akamwulize mtu wa pwani nyingine. Zoezi hili huchukua robo saa, na mara nyingi ndilo sehemu bora ya makala yote, kwa kuwa orodha hiyo baadaye huwa mstari wa kwanza. Kisha watafute kila jina, na wasitosheke na jibu la kwamba hapana ukurasa wenye jina hilo. Waipekue na orodha ya kurasa zilizolitaja neno. Waangalie pia herufi kubwa. Katika Wikipedia herufi ya kwanza ya jina la ukurasa haina taabu, lakini zinazofuata zina taabu: Mlima Kilimanjaro na Mlima kilimanjaro ni majina mawili, na huweza kuwa kurasa mbili.

Baada ya hapo waache majina, watafute kwa kile kisichobadilika. Mti una jina la kitaalamu, na hilo Mmvita na Mngazija huliandika sawasawa. Vita vina miaka. Mtu ana kitabu alichokiandika au mahali alipozaliwa. Mwanafunzi wangu angeandika Azadirachta indica katika kile kisanduku angeufikia mwarobaini kwa hatua moja. Lakini mtu ambaye nyanya yake ameuita mti mkilifi tangu azaliwe hana sababu ya kuwaza kwamba una jina la Kilatini, mpaka aambiwe.

Njia iliyo ya hakika kuliko zote ni ya mzunguko, na kwa bahati mbaya ndiyo isiyotajwa sana. Tangu Oktoba 2012 kuna daftari kuu liitwalo Wikidata, ambamo kila kitu hupewa namba yake ianzayo na herufi Q, na chini ya namba hiyo huorodheshwa makala za Wikipedia za lugha zote zinazokihusu. Kila lugha ina nafasi moja tu kwa kila namba. Basi mwenye shaka aende katika makala ya Kiingereza au Kifaransa au Kiarabu juu ya kitu kile kile, atazame orodha ya lugha, na kama Kiswahili kimo, abonyeze: atapelekwa penye makala yetu kwa jina lolote lililopewa. Mtu akipuuza haya akaandika pacha, naye akajaribu kumtia katika daftari, daftari litamkatalia kwamba nafasi imekwisha kushikwa. Naipenda adabu ya daftari hilo. Halikufokei; linakuonyesha nani amekaa. Lakini lina upofu wake: makala ya zamani ambayo hapana mtu aliyeiunganisha na namba yake haionekani humo, na makala nyingi za lugha ndogo huachwa hivyo. Kwa hiyo njia hii haiondoi haja ya ile karatasi.

Kadhalika nawaambia waanze kwa kusoma makala ya jambo kubwa zaidi kabla ya kuandika juu ya jambo dogo. Atakayeandika juu ya mshairi wa Lamu na aisome ya Lamu, na orodha za jamii zilizo chini yake. Humo atakuta majina mekundu, ambayo ndiyo dalili ya kurasa zinazotajwa na bado hazijaandikwa. Akianzia hapo atakuwa ameandika kwa jina ambalo wenziwe wamekwisha kulichagua, na kurasa nyingine zitakuwa zinamngoja. Asisahau tu kwamba wekundu nao ni habari ya neno. Jina jekundu huweza kuwa la kitu ambacho kimekwisha kuandikwa kwa jina jingine.

Hayo ni ya mgeni. Ya wenyeji ni mazito zaidi, nami sitaki kuwaonea, maana ni wachache, hawalipwi, na kila usiku hufagia uchafu wa watu wasiowajua. Hata hivyo ziko njia mbili za kumwondoa pacha, na hazilingani. Makala ifutwapo, historia yake huondoka machoni pa wasomaji, pamoja na jina la aliyeitunga. Igeuzwapo kielekezi, maandishi yake hubaki chini katika kumbukumbu, mtu yeyote huweza kuyafunua, na yaliyo mazuri huhamishwa katika makala iliyobaki kwa kutaja yametoka wapi. Nayo leseni ya Wikipedia hudai kwamba watungaji watajwe. Njia ya kwanza huchukua nukta chache. Ya pili huchukua nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo tofauti kati ya mwandishi aliyepotea na mwandishi aliyepatikana, na tena huacha mlango wa jina la pili ukiwa wazi, hata mgeni mwingine wa Kilifi asije akaanza tena mwanzo. Anayefuta bila kuacha kielekezi ameziba shimo kwa majani: pacha wa tatu yuko njiani.

Liko swali moja ambalo kielekezi hakiwezi kulimaliza, nalo ni: jina lipi liwe la kukaa na lipi liwe la kupita? Ziwa moja Watanzania huliita Nyasa, na Wamalawi huliita Malawi, na nyuma ya majina hayo kuna mpaka unaobishaniwa. Makala pacha nyingine huzaliwa si kwa kutojua bali kwa kukataa. Mtu ameiona ya kwanza, hakupenda kichwa chake, akaanzisha ya pili. Huyo hahitaji kufundishwa kutafuta. Ahitaji ukurasa wa majadiliano na watu wenye subira, na pengine hata hivyo hataridhika. Kwa majina yasiyo na mpaka nyuma yake mimi sioni vita. Mwarobaini na ubaki kichwani, kwa kuwa umetangulia na wengi wanaujua, mradi mkilifi uonekane katika mstari wa kwanza, wala usiwekwe chini kabisa kama aibu.

Mwaka ulipopita nilimwita yule binti, tukakaa na nakala yake na ile makala ya mifupa. Tulihamisha aya za nyanya moja baada ya moja. Tuliandika mkilifi baada ya mwarobaini kwa neno yaani, tukaunda kielekezi. Aliuliza kama jina lake litaonekana mahali. Nikamwonyesha ukurasa wa historia, na mstari wake ukiwa juu kabisa. Juma lililofuata alileta karatasi ya majina kumi na moja ya miti, kila moja likiwa na jina la pili au la tatu pembeni, kwa mwandiko wa mtu mzima ambao haukuwa wake. Tulitafuta yote. Manne yalikuwamo kwa majina mengine. Saba hayakuwamo kwa jina lolote, naye akaanza na lile la chini, kwa sababu, alisema, hilo nyanya analijua yeye peke yake mtaani.